Juu ya Watumishi Waendeshao Motokaa Usiku

Somo: Luka 10:30–37

Mwezi uliopita mwinjilisti mmoja alitujia nyumbani baada ya ibada ya jioni, akaketi kitambo bila kusema neno, kisha akauliza, "Baba Mchungaji, je, ni dhambi mtumishi wa Mungu kuwa dereva wa teksi mtandao?" Tukamjibu kwamba si dhambi. Akauliza tena, "Basi mbona kila aifanyaye miongoni mwetu huificha?" Swali la kwanza tulilijibu kwa dakika moja. La pili limetusumbua hata leo, nalo ndilo tutakalo kuliandika hapa. Kwa kuwa yule ndugu alilijua jambo ambalo wengi wenu hamkulijua, ya kwamba sisi wenyewe tuliifanya kazi hiyo, na tukaificha muda wa miezi saba.

Gazeti hili lina desturi ya kusema "sisi", nasi tutaishika. Walakini msidhani kwamba "sisi" hiyo ni pazia. Aliyeshika usukani alikuwa mtu mmoja tu, naye ndiye aandikaye.

Wako wasomaji wetu wa Ukerewe, na Magu, na vijiji vya Sengerema, ambao hawajaiona kazi hii kwa karibu, basi na tuieleze kidogo. Zamani mtu aliyetaka teksi mjini alikwenda kuitafuta kituoni, akapatana bei na dereva. Mwaka 2016 kampuni ya Uber ilianza kazi Dar es Salaam, zikafuata nyingine, nayo Bolt, iliyoitwa kwanza Taxify, ikafika hata huku kwetu Mwanza. Sasa abiria hufungua programu katika simu yake, akaandika aendako. Simu ya dereva aliye karibu hulia, ikamwonyesha abiria yuko wapi. Dereva akikubali, abiria huona jina la dereva, na picha yake, na namba ya gari. Bei hupangwa na programu. Kampuni hukata sehemu yake katika kila nauli. Na kwa kuwa abiria wengi wa hapa hulipa fedha taslimu, sehemu ile huwa deni juu ya dereva, naye asipolilipa hufungiwa kazi. Mwisho wa safari kila mmoja humpa mwenziwe nyota, moja mpaka tano, kama mwalimu asahihishaye daftari.

Waendeshao si watu wa kazi hiyo moja tu. Ukipanda motokaa ya namna hii jioni kutoka Nyegezi hata Pamba, huenda anayekuendesha ni mwalimu wa shule, au karani, au fundi aliyefunga duka lake saa kumi na mbili. Mshahara umekwisha tarehe kumi na tano, na mwezi una siku thelathini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Watoto wetu wawili walikuwa shule ya bweni, wa tatu alikuwa chuoni, na motokaa ndogo tuliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akiba ilikuwa ikilala uani tangu magharibi, nayo deni lake halikulala. Tulihesabu, tukahesabu tena, kisha tukatoka.

Sasa, kwamba mtumishi wa Neno afanye kazi ya mikono, hilo si jambo la aibu wala si geni. Kila mwinjilisti ajua habari za Mtume Paulo kushona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila. Yameandikwa katika Matendo, mlango wa 18. Lakini labda si wote wajuao kwamba Martin Luther naye, mwaka 1527, alimwandikia rafiki yake Wenzel Link huko Nuremberg akimwomba ampatie vyombo vya kukerezea mbao. Alikuwa na mtumishi wake Wolfgang, wakajifunza ufundi huo pamoja, ili kama ulimwengu usipotaka kuwalisha kwa ajili ya Neno, wapate mkate wao kwa mikono yao. Naye mkewe, Katharina, alilima na kufuga na kupika pombe ya nyumbani, na kama si jasho la mama yule, sijui wageni wengi wa nyumba ile wangalikula nini. Mwanatheolojia mkubwa hakuona haya kushika patasi. Walakini angalieni: aliomba vyombo vile kwa barua, kwa jina lake, na rafiki zake walijua.

Sisi hatukufanya hivyo. Tuliona haya. Tulijisemea, "Mzee wa kanisa akiita gari, akamwona mchungaji wake amekaa mbele akingoja shilingi elfu nne, atasemaje?" Basi tukamwendea kijana wa ndugu yetu, aliyekuwa amejiandikisha zamani kisha akaacha, tukachukua simu yake na jina lake. Motokaa ikawa yetu, usukani ukawa wetu, lakini jina na picha vikawa vya kijana wa miaka ishirini na minne. Abiria alipofungua mlango alimkuta mtu mwenye mvi za kwanza. Wengine hawakusema kitu. Wengine waliuliza, kwa haki yao, "Mbona si wewe uliye kwenye picha?" Tukawajibu, "Huyo ni mdogo wangu, leo anaumwa." Uongo huo tuliusema mara nyingi hata ukawa rahisi kama kusema habari za jioni. Kijana wa watu aliumwa miezi saba.

Tulipenda kungoja Mkuyuni, mbali na usharika wetu, tukiwa tumevaa kofia. Tulianza saa moja na nusu, tukarudi saa sita, na siku nyingine saa nane. Jumapili tulipanda madhabahuni na macho mekundu. Iko Jumapili moja tulisoma Injili ya juma lililopita tangu mwanzo hata mwisho, na usharika wote ukaitikia kwa uaminifu. Mwalimu wa kwaya peke yake alitutazama sana, naye kwa wema wake hakusema.

Hatutaki mdhani kwamba usiku wote ule ulikuwa giza. Hasha! Katika motokaa watu husema mambo ambayo hawayasemi ofisini kwa mchungaji. Labda ni kwa sababu hawatazamani uso kwa uso. Mmoja yuko mbele, mwingine nyuma, na taa za barabarani zinapita. Msichana aliyetoka kazini hotelini alilia kutoka katikati ya mji mpaka Buhongwa, akatueleza habari za mchumba wake. Mzee wa Kisukuma aliyekuja kuuza ng'ombe alitueleza jinsi alivyogombana na mwanawe, wakanyamaziana miaka minne. Mara nyingi tulimkumbuka Filipo, ambaye Roho alimwambia akaribie gari la yule Mwethiopia, akapanda akaketi pamoja naye, akamfafanulia Maandiko hata wakafika penye maji. Mlango wa 8 wa Matendo ni mlango wa safari, ndugu zetu, na katika ule mlango neno lilisemwa ndani ya gari. Nasi tulikuwa na nafasi hiyo kila usiku. Lakini mtu aliyeazima jina atasemaje neno la kweli? Tulimsikiliza mzee yule, tukataka kumwambia kwamba sisi ni mchungaji, na kwamba aje tuombe pamoja. Tukakumbuka picha ya kijana katika simu yake. Tukamwambia, "Pole, mzee," tukapokea nauli.

Na mwenye kuizoea hila moja huiona ya pili kuwa ndogo. Wako madereva, tena wako abiria, na wengi wao ni Wakristo, waambianao hivi: "Tuifute safari hii kwenye simu, kisha twende vivyo hivyo, unipe fedha mkononi." Abiria hupunguziwa kidogo, dereva haukatwi sehemu yake, na kampuni haipati kitu. Tuliona haya kuifanya hila hiyo juma la kwanza. Juma la tatu sisi ndio tuliokuwa tukiwafundisha abiria. Mtu atasema, "Kampuni nayo yakata mno." Inawezekana ni kweli, na jambo hilo lina mahali pake pa kusemewa. Mwaka 2022 mamlaka yetu ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, iliamuru kampuni zisikate zaidi ya asilimia 15. Mwezi wa Aprili Uber ikasimamisha kazi yake nchini, na mwanzo wa mwaka 2023 ikarudi, baada ya kiwango hicho kupandishwa kuwa asilimia 25. Katika mashindano hayo madereva walisema yao, kampuni zikasema zao, na serikali ikaamua. Mtu aweza kusema kwamba uamuzi ule ulimwelemea maskini, na aseme kwa sauti. Lakini dereva aliyekubali mapatano asubuhi, akayavunja jioni gizani pamoja na abiria wake, huyo hakumtetea maskini yeyote. Amri ya saba yamhusu, naye alijifunza amri hiyo kwetu, darasani kwa kipaimara. Hapo ndipo tulipojiona wapumbavu, maana mwalimu wa darasa lile ni sisi.

Sasa tufike kwenye usiku ule.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, mvua imenyesha, nasi tulikuwa Mkuyuni. Simu ikalia: abiria yuko Mabatini, chini ya mlima, aenda Bugando. Tukakubali. Wanaoijua milima yetu ya Mwanza wajua kwamba nyumba zimepandana juu ya mawe, na motokaa haifiki mlangoni. Abiria hushuka kwa ngazi za mawe mpaka barabarani, na dereva humngoja. Tukapiga simu kuuliza kama wako tayari. Akapokea mwanamke mtu mzima, sauti yake ikitetemeka, akasema, "Baba, njoo upesi, mtoto anahema vibaya." Tukasema, "Nipo njiani, mama." Nasi kweli tulikuwa tumewasha motokaa.

Kabla hatujafika mbali simu ikalia tena. Alikuwa mfanyabiashara aliyetuzoea, ambaye hakupitia programu bali alitupigia sisi moja kwa moja; ameshuka basi Nyegezi, ana mizigo, aenda Pasiansi, atatoa elfu kumi na tano. Safari ya Bugando ilikuwa elfu nne. Tukapunguza mwendo. Hatukuwaza sana, na hilo ndilo linalotutisha tukikumbuka. Hatukushindana na moyo wetu hata dakika mbili. Tukasema, "Mabatini pana magari mengi, atapata jingine." Tukageuza, tukaelekea Nyegezi.

Wala hatukuifuta ile safari ya kwanza. Dereva afutaye mara kwa mara huandikiwa, akapungukiwa kazi; basi madereva wengi hunyamaza tu, wakamwacha abiria achoke, afute mwenyewe. Nasi tukanyamaza. Mama yule alipiga simu mara tatu. Simu ilikuwa mbele yetu, kwenye kishikizo chake, ikiwaka na kuzimika.

Jumamosi tulikwenda Bugando kuwaona wagonjwa, kama ilivyo zamu yetu. Katika wodi ya watoto tulimkuta mama mmoja wa usharika wetu, mjane, ameketi karibu na kitanda cha mjukuu wake mwenye miaka mitatu. Mtoto amewekewa mrija wa hewa puani, amelala. Tukampa pole, tukauliza imekuwaje. Akasema mtoto alishikwa na homa ya mapafu siku ya Alhamisi usiku. Kijana wa jirani aliwaitia motokaa kwa simu yake, wakashuka kwa ngazi katika mvua, wakangoja chini barabarani nusu saa. Kisha akasema maneno haya, tunayaandika kama alivyoyasema: "Yule dereva tulisema naye, mchungaji, na sauti yake ilinitia moyo, maana ilifanana na yako. Kijana alitaka tuondoke tutafute pikipiki, mimi nikamwambia, hapana, tungoje. Mtu mwenye sauti kama hiyo atakuja."

Basi dereva hakuja. Wakapanda bodaboda moja, mwenye pikipiki, na kijana, na mama na mtoto kifuani, wote juu ya kiti kimoja, ndiyo mtindo uitwao na watu wa mjini "mishikaki", wakapanda mlima wa Bugando katika utelezi. Daktari aliwaambia kwamba wamechelewa, lakini si sana.

Tukaomba pamoja naye. Tuliomba kwa sauti ileile. Tukatoka.

Safari ya kurudi tulipita barabara ya Igoma, ijapokuwa si njia yetu. Hatukutaka kufika nyumbani. Watu wa Mwanza hawana haja ya kuambiwa ni nani waliozikwa Igoma. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba ikiwa imekaribia kufika kwetu, ilipinduka ziwani ikiwa na watu wengi kupita kadiri yake, wakafa mamia kwa mamia. Sisi tulikuwa vijana wakati ule, twakumbuka mji ulivyonyamaza. Tulizoea kuhubiri juu ya msiba ule kama habari ya watu wengine waliopokea nauli ya mmoja zaidi, na mmoja zaidi. Siku ile tulisimamisha motokaa kando ya barabara, tukamwona mama juu ya pikipiki katika mvua, mtu wa nne juu ya kiti cha wawili. Na aliyempandisha pale si mwenye pikipiki. Ni sisi. Kuchukua watu ni amana. Mtu akiingia katika chombo chako ameuweka uhai wake mkononi mwako, na amana hiyo haianzi afungapo mlango, huanza usemapo, "Nipo njiani."

Ndugu wainjilisti, habari ya Msamaria tumeifundisha mara nyingi hata tumezoea kujiweka mahali pa Msamaria. Na tuisome tena polepole. Njia ile ya kushuka Yeriko ilipitwa na watu watatu, na wa kwanza ni kuhani. Bwana hakusema kwamba kuhani alikuwa mtu mbaya, wala hakusema alikuwa akienda wapi. Pengine alikuwa na jambo jema mbele yake, pengine alikuwa na ada ya shule. Alimwona, akapita upande wa pili. Msamaria ndiye aliyekuwa na mnyama wa kupanda, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake, yeye akashuka akaenda kwa miguu. Na tangu siku ile ya wodini twaona jambo jingine ambalo hatukuliona katika miaka yote ya kuhubiri. Kuhani hakujulikana na mtu yeyote njiani pale. Hapakuwa na shahidi. Kama angalikuwa akipita pamoja na watu wa mtaa wake, wamjuao kwa jina, tunadhani angalisimama, hata kama ni kwa kuona haya tu. Kutojulikana kulimrahisishia kupita. Ndivyo lilivyotufanyia jina la kijana yule. Dereva aliyemwacha mama Mabatini hakuwa mchungaji wake, machoni pa mtu yeyote. Alikuwa picha ya kijana mgonjwa.

Siku ya tatu tulirudi wodini tukamwambia yote. Alitutazama muda mrefu. Hakusema kwamba ametusamehe, alisema, "Mtoto ameanza kunywa uji." Msamaha ulikuja baadaye, majuma matatu, nao ni habari yake yeye, hatuiandiki.

Kisha tukaliendea baraza la wazee. Hapo, wapenzi, hatukupata faraja, wala hatukuistahili. Mzee mmoja, mtu mwenye mali na heshima, alisema kwa uchungu kwamba tumeliaibisha kanisa, na kwamba mchungaji hawezi kuwa dereva. Tukamwomba atenge mambo mawili: kumwacha mgonjwa na kuazima jina ni dhambi, tumeziungama, kuendesha si dhambi, hilo hatuliungami. Akakataa kutenga. Ndipo mzee mwingine, mvuvi wa zamani asiye na maneno mengi, akamwuliza, "Mwenzangu, bajaji zako ziko ngapi?" Akajibu, nne. "Na Jumapili zinalala?" Pakawa kimya.

Hapo pana jambo kubwa kuliko letu, nasi hatuwezi kulipita. Katika sharika zetu za mjini wako wengi wenye kumiliki bodaboda na bajaji na motokaa waendeshazo vijana wasio na chombo. Kijana hupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku, kiasi kilekile, mvua ikinyesha au isinyeshe. Kilichobaki ndicho chake. Wako wamiliki wamwambiao dereva, "Siku sita ni zangu, Jumapili ni yako," na mtu ajua kupumzika, au kwenda kanisani, au kujipatia chake. Lakini wako watakao hesabu siku zote saba, nao wenyewe Jumapili wameketi kiti cha mbele, wamefunga tai. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5, amri ya kupumzika haimhusu mwenye nyumba peke yake: imemtaja mtumwa, na mjakazi, na ng'ombe, na punda. Mungu alimkumbuka hata punda. Kijana wa bajaji anayesinzia Jumapili saa nne mbele ya lango la kanisa, akingoja ibada iishe apate abiria, ili amalize hesabu ya mtu aliye ndani akiimba, huyo anatuhubiria sisi sote, lakini hatutoki nje kumsikiliza.

Na ninyi msioendesha wala kumiliki, mnaoita tu, nanyi mna sehemu yenu. Msimwite dereva kabla hamjavaa viatu, mkamngojesha robo saa juani. Msimpe nyota moja kwa sababu barabara ilikuwa mbovu. Barabara si yake. Mkiona picha si yake, ulizeni, wala msipande mpaka mpate jibu la kweli. Laiti mmoja wa abiria wetu angalikataa kupanda juma lile la kwanza! Tulimwona kila aliyenyamaza kuwa mtu mwema, kumbe alitusaidia kupotea.

Baraza lilikaa mara tatu. Uamuzi wake ulikuwa hivi: tukae nje ya madhabahu majuma sita, tumrudishie kijana jina lake, na kama twataka kuendelea na kazi ile tuiendeshe kwa jina letu wenyewe, usharika ukijua, isiwe Jumamosi usiku wala Jumapili, na isipite saa nne. Tulikubali. Mkuu wa jimbo naye aliarifiwa. Tena mweka hazina, bila kuombwa, alileta mbele ya baraza karatasi ya posho za wainjilisti wetu wanne, akaisoma yote kwa sauti, na wazee kadhaa wakasema hawakujua kwamba ni kiasi kile. Karatasi hiyo bado ingali mezani.

Sasa simu ya abiria humwonyesha picha yetu na jina letu. Wengine hutambua, wakacheka. Mmoja alifuta safari mara moja, tunadhani alikuwa akienda mahali asipotaka kufikishwa na mchungaji. Fedha zimepungua, maana saa zimepungua, na mtoto wetu wa chuoni amehama bweni, amepanga chumba pamoja na wenzake wawili. Yule mjane amepanda motokaa yetu mara mbili kumpeleka mtoto kliniki. Mara ya kwanza tulikataa nauli yake. Akaiacha kitini, akasema, "Hiyo ni ya kazi, baba. Ya sadaka ninayo nyumbani." Yule mzee wa bajaji nne hajapanda, na kikombe cha Bwana hukipokea kwa mwenzetu wa usharika wa jirani. Twamngoja.

Wainjilisti na Wakristo wote wa Nyamagana wanaoendesha, ikiwa ni motokaa, au bajaji, au pikipiki, wameombwa wakutane nasi katika chumba cha darasa la kipaimara, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa alasiri, wakati kazi ni chache. Wamiliki nao waje. Tutazungumza juu ya hesabu ya Jumapili, na juu ya abiria wagonjwa wa milimani, jinsi tuwezavyo kupeana zamu usiku ili mtu wa Mabatini, au Igogo, au Bugarika akiita, asikose mtu wa kumfikisha hospitali. Vyombo viegeshwe upande wa shule, lango la mbele liachwe wazi.